Miaka 6 ya kuondoa fonksioni moja: vile PostgreSQL iliacha njia ya hatari ya kufanya nakala



Wengi wetu tuliopita katika infomatiki tunaijua PostgreSQL kwa TP za promosio ya pili ao ya tatu. Mwalimu anafundisha kuunda meza, kuandika maulizo ya SQL, kuunganisha meza mbili, basi. Historia ya chombo chenyewe hatufundishwi. Nani aliandika, nani alibishana na nani, kitu gani kiliondolewa na juu ya nini. Na historia hiyo iko wazi kabisa, sababu ni programu huria na mabishano ya watu wenye kuijenga yamehifadhiwa tangu miaka mingi. Mimi nimeyasoma kwa muda, na leo ninataka kuwaeleza sehemu moja tu. Ni sehemu ndogo, lakini inamgusa kila mtu mwenye kutunza data mahali ambapo umeme unakatika bila kuaga.

Tarehe 13 Oktoba 2022 toleo la 15 la PostgreSQL lilitoka. Kati ya mabadiliko yake kulikuwa na hili: fonksioni mbili, pg_start_backup na pg_stop_backup, hazikuwepo tena kwa majina hayo, na ile namna ya zamani ya kuzitumia ilifutwa kabisa. Zilikuwa zimefanya kazi tangu mwaka wa 2005. Tangu 2016 wajenzi wenyewe walikuwa wamesema kwamba namna ile haifai. Kwa hiyo kati ya kusema "hii ni mbaya" na kuiondoa ilipita miaka 6. Kwa nini muda wote ule? Kuelewa, tuanze na daftari.

Daftari lenye kuandikwa kwanza

Fikirini mama mwenye duka la jumla. Wateja ni wengi, bidhaa ziko katika depo tatu. Kila mteja akilipa, mama hakimbii depo kupanga mifuko upya. Anaandika kwanza mu kaye yake: mifuko 5 ya unga imetoka, pesa imeingia. Depo itapangwa jioni. Hata akizimia mchana, mtoto wake atafungua kaye na kujua hali ya kweli.

Hifadhidata inafanya vilevile. Data zinakaa katika kurasa ndogo, kwa PostgreSQL ni kilobaiti 8 kila moja, na zimetawanyika kwenye diski. Kuandika kila badiliko moja kwa moja mahali pake kunachukua muda, na umeme ukikatika katikati, unabaki na nusu ya kazi. Njo maana badiliko linaandikwa kwanza katika daftari lenye mistari inayofuatana, na kurasa zinapangwa baadaye. Kwa ufupi daftari hilo linaitwa WAL. Seva ikizimika ghafla, ikiwaka tena inasoma WAL na kurudilia kila kitu chenye hakijafika mahali pake.

Wazo hili halikutoka kwa PostgreSQL. Katika miaka ya 1970 watu wa IBM kule San Jose, Marekani, kati yao Jim Gray, walilifanyia kazi katika mradi wa System R. Mwaka wa 1992 C. Mohan na wenzake, pia wa IBM, walichapisha maelezo ya mbinu ya ARIES, na hadi leo kila anayesoma mambo haya anapita hapo.

Postgres ya kwanza ilichagua njia ingine. Ilianza mwaka wa 1986 kwenye iniversite ya Berkeley, California, chini ya Michael Stonebraker. Wazo lake lilikuwa hivi: usifute kamwe mstari wa zamani, andika mpya pembeni yake. Kama la zamani halifutwi, hauhitaji daftari la kurudilia. Ilikuwa akili nzuri, lakini ilikuwa na bei: kila shughuli ikimalizika, kurasa zote zilizoguswa zilipaswa kusukumwa kwenye diski palepale. Daftari la WAL liliingia mwaka wa 2001 katika toleo la 7.1, kwa kazi ya Vadim Mikheev. Kuanzia pale, uhai wa data yote ulitegemea daftari hilo.

Jina lenye kuwadanganya watu

Daftari liliwekwa katika dosie yenye jina pg_xlog. Pembeni yake kulikuwa na pg_clog, yenye kuonyesha kama kila shughuli ilikubaliwa ao ilikataliwa.

Ninyi mnajua vile msimamizi wa seva anafanya diski ikijaa. Anatafuta dosie kubwa, anaona neno "log", anasema haya ni maandishi ya matukio tu, yaani nani aliingia saa ngapi, kosa gani lilitokea. Anafuta. Kwa programu nyingi hakuna shida. Kwa PostgreSQL alikuwa amefuta kaye ya mama kabla ya depo kupangwa. Watu walipoteza data hivyo, bila njia ya kuzirudisha.

Wajenzi wangeweza kuongeza onyo katika kitabu cha maelezo. Lakini mtu mwenye diski imejaa saa nane za usiku hafungui kitabu. Katika toleo la 10, Oktoba 2017, walibadilisha majina: pg_xlog ikawa pg_wal, pg_clog ikawa pg_xact. Skripti nyingi za watu zilivunjika kwa sababu ya mabadiliko hayo, na malalamiko yalikuwepo. Ila neno "log" halikuwepo tena la kumdanganya mtu mwenye haraka.

Shikeni hilo, juu hadithi ya fonksioni yetu inafanana nayo.

Nakala ya mashini yenye inatembea

Toleo la 8.0, Januari 2005, lilileta uwezo mkubwa: kufanya nakala ya hifadhidata bila kusimamisha kazi, kisha kuirudisha mpaka saa unayotaka.

Ugumu uko wapi? Tuseme chuo kina hifadhidata ya gigabaiti 200. Saa nne asubuhi unaanza kunakili dosie yote, na kazi inachukua masaa mawili. Faili ya wanafunzi inanakiliwa saa nne na dakika tano. Faili ya malipo inanakiliwa saa sita kasoro. Kati hapo wanafunzi 40 wapya wameandikishwa na wamelipa. Nakala yako itaonyesha malipo ya watu 40 wasiokuwepo. Faili zote umezichukua, lakini hazisemi saa moja.

Dawa ni daftari. Kama unayo WAL yote ya yale masaa mawili, unaweza kuchukua nakala ile isiyopatana na kurudilia kila badiliko kuanzia dakika ya kwanza ya kunakili. Ukifika mwisho, faili zote zinapatana. Kuna sharti moja tu: lazima seva ijue ianze kusoma wapi. Ikianza mbele kidogo ya mahali penye inapaswa, mabadiliko ya katikati yanapotea, na hakuna kosa lolote litakaloonyeshwa. Utagundua baada ya wiki, pale fahirisi inakutuma kwa mstari wenye haupo.

Hapa njo pg_start_backup ilifanya kazi yake. Ukiiita, iliandika kifaili kidogo chenye jina backup_label, chenye kusema: anza kusoma daftari hapa. Kisha ulinakili dosie yote kwa chombo chochote, na kifaili kile kikaingia ndani ya nakala. Mwishoni uliita pg_stop_backup, na seva ikakiondoa kifaili kwenye dosie yake.

Mmeona shida iko wapi? Kwa muda wote wa kunakili, kifaili kilikaa ndani ya dosie ya seva iliyo hai.

Umeme ukikatika katikati

Sasa umeme unakatika saa tano, kunakili hakujamalizika. Umeme unarudi, seva inawaka. Inafungua dosie yake na kukuta backup_label. Kwake kifaili hicho kina maana moja: mimi ni nakala yenye imerudishwa, lazima nisome daftari kuanzia hapa. Kumbe si nakala, ni seva ileile ya asubuhi.

Ukiwa na bahati, sehemu ile ya daftari bado ipo. Seva inarudilia kazi yote tangu nakala ilipoanza na inawaka, imechelewa tu. Lakini WAL haihifadhiwi milele. Vipande vyake, megabaiti 16 kila kimoja kwa kawaida, vinatumiwa upya kila mara kurasa zinapopangwa. Kama kipande kinachotajwa kimeshaondoka, seva inakataa kuwaka. Data zote ziko pale, nzima kabisa, na hakuna anayeweza kuzifungua.

Ujumbe wa kosa ulikupa ushauri: kama haurudishi nakala, jaribu kuondoa backup_label. Na ukaongeza karipio: kama unarudisha nakala, kuondoa kifaili hicho kutaharibu data. Angalieni vizuri. Kitendo kilekile kinaokoa katika hali moja na kinaua katika hali ya pili. Seva yenyewe haina njia ya kutofautisha hali hizo mbili, juu kwa macho yake faili ni zilezile. Uamuzi wote ulimwangukia binadamu, mara nyingi usiku, akiwa na simu ya mkubwa wake inayolia.

Nimeshaona vile jambo hilo linakwenda. Ofisi moja ya hapa kwetu, sitaitaja, ilikuwa na seva yenye kukataa kuwaka kila umeme ulipokatika usiku wakati wa nakala. Fundi wao alikuwa mtu mwenye bidii. Alisoma ule ushauri, akafuta kifaili, seva ikawaka, wote wakampongeza. Ili asiamshwe tena usiku, aliandika skripti: mashini ikiwaka, futa backup_label kwanza, kisha washa PostgreSQL. Ilifanya kazi miezi mingi. Siku moja mashini yenyewe ilikufa, wakarudisha nakala kwenye mashini mpya pamoja na skripti zake. Skripti ilifuta kifaili kama kawaida, na safari hii kifaili kilikuwa cha lazima. Seva iliwaka bila neno. Baada ya siku chache hesabu za wateja zikaanza kukosana.

Mimi simlaumu fundi yule. Alifanya kile chombo kilimwambia. Chombo ndicho kiliweka kisu bila mpini mkononi mwake na kumwambia awe mwangalifu.

Njia mpya, na mabishano

Septemba 2016, toleo la 9.6 lilileta njia ya pili. Seva haiandiki tena kifaili chochote katika dosie yake. Ukimaliza kunakili na kuita fonksioni ya mwisho, inakurudishia maandishi ya backup_label kama jibu, na wewe unayaweka ndani ya nakala. Umeme ukikatika, dosie ya seva ni safi na inawaka kama siku nyingine zote. Tena watu wawili wanaweza kufanya nakala kwa wakati mmoja, na unaweza kuifanya hata kwenye seva ya akiba, mambo yenye njia ya zamani haikuruhusu.

Basi, kwa nini hawakufuta ya zamani siku ileile?

Sababu njia mpya ilidai kitu: muunganisho wako na seva lazima ubaki wazi tangu mwanzo wa nakala mpaka mwisho. Ukifungika, nakala imekufa. Kwa programu iliyoandikwa vizuri si kitu. Lakini kampuni nyingi zilikuwa na vyombo vya nakala vyenye kukupa nafasi mbili tu: amri ya kuendesha kabla na amri ya kuendesha baada. Amri ya kwanza inamalizika, muunganisho unafungika. Kwa hao, njia ya zamani ilikuwa nyepesi, walikuwa nayo zaidi ya miaka 10, na seva zao zilikuwa katika majumba yenye umeme usiokatika. Waliuliza: mbona mnavunja kitu chenye kinatembea?

Mwaka wa 2018 David Steele, mmoja wa watu wenye kujenga vyombo vya nakala, alipendekeza njia ya zamani iondolewe. Haikupita. Waliopinga walikuwa na hoja ya kweli: ukimnyang'anya mtu njia yake ya kufanya nakala, anaweza kubaki bila nakala kabisa. Karipio likaongezwa katika kitabu cha maelezo, na kazi ikaendelea.

Waliotaka iondolewe nao walikuwa na hoja yao, na mimi ninaiona nzito kupita. Hatari ya njia ile haionekani siku ya kawaida. Mtu anaweza kuitumia miaka 5 na kusema haina shida, kwa sababu tu seva yake haikuzimika katika saa mbaya. Tena chombo cha kukusaidia kilikuwepo: tangu 2011, toleo la 9.1, kulikuwa na pg_basebackup, yenye kufanya nakala nzima kwa amri moja bila kuacha kifaili katika seva iliyo hai. Na njia mbili zilizobaki pembeni zilifanya maelezo kuwa marefu na magumu, hata anayeanza leo alichagua ile mbaya kwa sababu ilionekana fupi.

Mwishoni, Aprili 2022, kazi ya David Steele na Nathan Bossart ilikubaliwa, na toleo la 15 likatoka bila njia ya zamani.

Kwa nini hata majina yalibadilika

Angalieni jambo moja la mwisho. Fonksioni zilizobaki, za njia nzuri, hazikuachiwa jina la zamani. pg_start_backup ikawa pg_backup_start, na pg_stop_backup ikawa pg_backup_stop. Mtu anaweza kuona ni kuwasumbua watu bure.

Fikirini lakini skripti ya zamani kama jina lingebaki. Ingeita fonksioni ya kwanza, ikapata jibu zuri, muunganisho ukafungika na nakala ikafa palepale. Kunakili kungeendelea, faili kubwa ingetokea yenye ukubwa sawa na ya jana. Kosa lingetokea kwenye mstari wa mwisho tu, ule wenye hakuna anayeusoma. Miezi 6 baadaye, siku ya shida, ungefungua nakala isiyokuwa na backup_label. Kwa jina jipya, skripti ya zamani inaanguka kwenye mstari wa kwanza, siku ya kwanza, mchana, wakati seva bado ni nzima. Kuvunjika kwa kelele ni afadhali kupita kuvunjika kimya.

Dunia ya programu ilikuwa imeshapita njia hii. Lugha ya C ilikuwa na fonksioni gets, yenye kusoma maandishi bila kuuliza kama nafasi inatosha. Mwezi wa Novemba 1988 programu ya kirusi iliyoandikwa na Robert Morris ilitumia udhaifu huo, pamoja na mingine, kuingia katika mashini nyingi za intaneti ya wakati ule. Wote walijua, walimu walikataza, vitabu viliandika usitumie. Iliondolewa katika kanuni rasmi za C mwaka wa 2011, miaka 23 baadaye. Ukilinganisha, PostgreSQL na miaka yake 6 ilikimbia.

Kwetu

Katika mabishano yale, waliopinga walisema seva kuzimika katikati ya nakala ni jambo la nadra. Kwao, ndiyo. Kwetu ni jambo la wiki. Nakala zinafanywa usiku, na usiku njo umeme unakatika, betri imezeeka, mafuta ya jenereta yamekwisha. Kwa hiyo sisi tuko kati ya watu wenye kuumizwa zaidi na uamuzi wa mashini za mbali, na sauti yetu katika mabishano yale ilikuwa ndogo sana. Kuingia na kusema hakuhitaji visa. Kunahitaji kusoma, kuandika vizuri shida uliyoiona, na uvumilivu.

Kwa walio tayari kazini, chuoni, hospitalini ao katika NGO, fanyeni kitu kimoja wiki hii. Ulizeni seva yenu ni toleo gani. Toleo la 14 na yaliyotangulia, mpaka 9.6, bado yana njia zote mbili, na ukiita pg_start_backup bila kusema chochote zaidi, inakupa ile ya zamani. Fungueni skripti za nakala msome mstari kwa mstari. Mkikuta amri ya kufuta backup_label mashini ikiwaka, iondoeni, na hamieni kwenye pg_basebackup. Kisha chukueni nakala moja, irudisheni kwenye mashini ingine, na mhesabu mistari ya meza mbili tatu.

Na kwa wanaotafuta mada ya TFC: vile nakala zinafanywa katika taasisi za mji wako, na kinachotokea umeme ukikatika, ni mada nzuri, iko karibu, na haihitaji pesa nyingi. Mwenye ameshaanza, atuambie amekuta nini.